Uzito wa Perrine Guillemaud

Kituo cha Makasia, Jura
21 Januari 1990

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limekuhurumia katika baridi hii. Mimi sijambo. Ziwa limeganda kandokando, na kila asubuhi tunavunja barafu kwa makasia yaliyochakaa kabla ya kushusha mashua.

Habari ni hizi: Kocha Malfroy amenichagua. Mwaka huu nitakuwa katika mashua ya wawili, daraja la wepesi, pamoja na Ségolène Vauthier, yule wa Besançon niliyekwambia kwamba hucheka hata usingizini. Yeye anakaa nyuma ya mgongo wangu na kuongoza njia, mimi ndiye ninayetia mwendo. Mashindano ya dunia ni mwishoni mwa kiangazi. Bibi, nimejiapiza kwamba nitakuwa bingwa wa dunia. Nakuandikia ili nisiweze kulirudisha neno hili kinywani.

Sasa nina ombi ambalo najua litakuudhi. Tafadhali usinitumie tena vifurushi. Daraja la wepesi lina sheria yake. Kabla ya kila mbio tunapandishwa mizani. Wawili tukijumlishwa, wastani wetu usizidi kilo hamsini na saba, wala mmoja wetu asizidi hamsini na tisa. Ségolène ana mifupa mizito, hashuki chini ya hamsini na tisa hata afanyeje. Kwa hiyo mimi lazima nishuke mpaka hamsini na tano, ili hesabu ikubali.

Kuku wako wa malai niliwapa wavulana wa mashua ya wanane. Walimla mpaka wakanyonya mifupa, na mmoja wao ameniuliza kama wewe ni mjane, maana yuko tayari kukuoa.

Nisalimie baba, na Bwana Buatois wa mkahawani pia, hata kama hastahili.

Mjukuu wako,
Perrine

*

Varenne-les-Saules
2 Februari 1990

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti halijambo kuliko mwenye goti. Baba yako yuko salama, bado anaendesha lori la maziwa na bado anakohoa kwa sababu havai skafu. Leo ni siku ya chapati za maji. Nimerusha yako kwa mkono mmoja na sarafu katika mkono mwingine kama ipasavyo, ili mwaka uwe na baraka, nayo imeangukia kikaangoni vizuri. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuila, nimempa mbwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Nisaidie kuelewa. Ségolène ana mifupa mizito, kwa hiyo wewe ufe njaa? Yeye anapaka siagi, nawe unafunga kwa niaba yake? Nimeishi miaka sabini na moja na sijapata kusikia ushirika wa namna hiyo, hata katika ndoa.

Wewe unajua maisha yangu. Kila Desemba nawapeleka majogoo wangu kwenye mashindano, wamehasiwa, wamenenepeshwa, wamechinjwa na kushonewa kitani cheupe, na waamuzi wanawabonyeza kifuani kwa kidole. Jogoo mwembamba hurudishwa nyumbani, na mwenyewe hupita mlango wa nyuma ili asionekane. Huko kwenu anayerudishwa nyumbani ni aliyeshiba. Nimemweleza Bwana Buatois pale mkahawani kwake, naye akasema mbele ya watu wote, "Perrine akipungua tena, upepo wa kaskazini utamfikisha Lyon bila tiketi." Walicheka. Mimi sikucheka.

Wala sikucheka pale uliposema utakuwa bingwa wa dunia. Nimechukua nishani ya kwanza ya majogoo mara tatu, na mtu wa namna hiyo hamcheki mwenzake anayetaka kuwa wa kwanza. Nakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukatoka mtoni umelowa mpaka kwenye mifupa, nikakuuliza nani amekusukuma, ukajibu, "Hakuna, Bibi. Nilikuwa nawapita wenzangu." Tangu siku hiyo niliacha kukuuliza.

Vifurushi nimesitisha. Sijakubali, nimesitisha tu.

Bibi yako,
Philomène

*

Uswisi
17 Juni 1990

Bibi yangu,

Shikamoo. U hali gani? Vifaranga wametoka wangapi? Mimi ni mzima, na nina furaha isiyoenea kwenye karatasi hii ndogo ya hoteli.

Tumeshinda! Mashua za nchi kumi na moja, na sisi tumekuwa wa kwanza kwa urefu wa mashua nzima. Ségolène alipiga kelele mpaka akapotewa na sauti, sasa ananiandikia kwenye vipande vya karatasi.

Lakini nikusimulie asubuhi yake, maana ningekuficha ungejua kwa picha. Tulikimbia kuzunguka uwanja tukiwa tumevaa makoti mawili mawili ya mvua, jua likiwa kali, ili tutoke jasho. Tukatema mate kwenye chupa. Tulipopanda mizani, mzee wa Kiswisi akatikisa kichwa na kusema, "Mmezidi kidogo, mabibi." Tukarudi kukimbia. Tukapanda tena. "Bado kidogo sana." Ségolène akanitazama kichwani.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Perrine, msuko wako huo unatosha kufungia mashua gatini!"

Akaazima mkasi kwa Waitaliano. Tulipopanda mara ya tatu yule mzee alitabasamu na kutupitisha. Ndiyo, Bibi, nywele zangu zimebaki Uswisi katika pipa la taka.

Baada ya hapo tulikunywa maji kama ng'ombe, tukala ndizi, tukaingia mashuani, tukawapita wote. Kocha Malfroy anasema mwezi wa Agosti dunia itakuwa yetu.

Mjukuu wako,
Perrine

*

Varenne-les-Saules
25 Juni 1990

Mjukuu wangu,

Marahaba, na hongera. Nimetangaza ushindi wako mkahawani, kwa mchinjaji, na kwa padri kabla hajaanza misa. Vifaranga ni wengi na wana miguu ya buluu kama inavyotakiwa.

Kuhusu nywele sina la kusema, nami nitalisema. Msuko ule niliusuka mimi tangu ukiwa na miaka minne. Sikuusuka kwa ajili ya mizani ya Waswisi. Mwaka huu wamechukua nywele. Mwakani watachukua nini, meno?

Kula.

Bibi yako,
Philomène

*

Varenne-les-Saules
16 Septemba 1990

Perrine mjukuu wangu,

Hujambo? Sikujua niielekeze wapi barua hii, nikaamua kuituma kituoni, maana popote ulipo nadhani utarudi kulala huko.

Hii ni barua ya tatu isiyokuwa na jibu. Mashindano ya dunia yamekwisha. Gazeti limeweka mstari mmoja mdogo chini ya matokeo ya baiskeli: Ufaransa, ya sita. Mashua zilikuwa sita, hata mimi najua maana yake. Baba yako alikupigia simu, anasema ulijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Mimi simu siipendi, hutumiwa na madaktari na watu wa mazishi. Ndiyo maana nakuuliza kwa kalamu: umekuwaje?

Sikuulizi kuhusu medali. Nakuuliza kuhusu wewe.

Bibi yako

*

Kituo cha Makasia, Jura
30 Septemba 1990

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Natumaini goti na kifua havijambo. Mimi sasa naendelea vizuri, lakini sikuwa vizuri.

Tulipita kwenye mizani. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimekula tufaha moja na kulamba barafu. Ségolène alijaribu kunipunguzia mzigo, akafunga naye, lakini mwili wake haukushuka. Mbio zilipoanza tulitoka vizuri. Tulipofika katikati tulikuwa wa kwanza, nikawaona wengine wote.

Wewe hujawahi kupanda mashua zetu, kwa hiyo nikueleze. Sisi tunakaa tukitazama tulikotoka. Anayeongoza ndiye anayewaona wenzake, na wa mwisho haoni mtu, husikia tu maji ya waliomtangulia. Basi nilikuwa nawaona watano wote, wadogo wadogo, na moyo wangu ukajaa. Kisha mikono yangu ikaisha. Sikuchoka, Bibi. Kuchoka nakujua. Iliisha kama taa inavyoishiwa mafuta. Maji yakawa meusi. Ségolène anasema nililala juu ya makasia, naye akaifikisha mashua mwisho peke yake, akiniita jina njia nzima.

Hospitali walinitundikia chupa za maji. Daktari aliuliza mara ya mwisho nilikula lini chakula chenye sahani. Sikukumbuka.

Sasa jambo lenyewe. Kocha anasema nafasi yangu ipo, mwakani nishuke mapema zaidi na taratibu zaidi, na medali itakuja. Pengine ni kweli. Njia nyingine ni kuliacha daraja la wepesi, nile, na kuingia mashua ya mtu mmoja pamoja na wanawake wakubwa, wasiopimwa na mtu. Lakini hao wananizidi kichwa na shingo. Hakuna wa kimo changu aliyepata kuwashinda. Nikitoka hapa napoteza kiti, kitanda, na kocha, na pengine ule ubingwa niliokuapia.

Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Perrine

*

Varenne-les-Saules
4 Oktoba 1990

Mjukuu wangu,

Sikuchagulii. Mimi nafuga kuku.

Lakini maswali ya namna hiyo hayaamuliwi na tumbo tupu. Njoo nyumbani. Baba yako atakuwa stesheni ya Mâcon Jumamosi, akiwa na lori la maziwa au bila lori.

Bibi yako

*

Nantes
18 Novemba 1990

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na hujachoka baada ya ugeni wangu. Baba aliniambia nilimaliza malai ya wiki mbili kwa siku nne. Sijutii.

Kama unavyoona hapo juu, sipo tena Jura. Nilipotoka kwako nilikwenda moja kwa moja kwa Kocha Malfroy. Nilimkuta anasafisha reli za viti vya mashua.

"Kocha, siingii tena daraja la wepesi."

Hakuinua kichwa. "Umechoka. Utalala, utabadilika."

"Nimelala. Nimekula pia."

Hapo akaniangalia. "Perrine, unajua wale wanawake wana urefu gani? Utakuwa sungura katikati ya ng'ombe!"

"Sungura hukimbia, Kocha."

"Hukimbia, ndiyo. Kisha hukanyagwa." Akaweka kitambaa chini. Si mtu mbaya, Bibi, nadhani alikuwa na huzuni. "Ukitoka kwenye mlango huu, kiti chako kitakuwa cha mwingine kabla ya chakula cha jioni."

Nikamwambia, "Basi mle vizuri," nikatoka.

Ségolène alininunia siku mbili, maana nami nimemwachia mashua yenye kiti kitupu. Siku ya tatu akaja chumbani na mkate, siagi, na jamu ya plamu. Akasema, "Kaa hapo. Ule mbele yangu, nione inavyokuwa." Nikala, yeye akilia na kucheka pamoja.

Klabu ya hapa Nantes imenipa mashua ya zamani ya mtu mmoja na kazi ya kufundisha wanaoanza. Asubuhi nina mto Loire wote peke yangu. Napiga makasia, narudi, nakula, napiga tena. Mabega yangu yameanza kukataa mashati.

Bado nataka kile nilichokuapia. Njia tu ndiyo iliyokuwa ndefu zaidi ya nilivyodhani.

Mjukuu wako,
Perrine

*

Varenne-les-Saules
20 Desemba 1990

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, theluji imefika magotini, na goti langu limeijua siku moja kabla.

Nishani ya kwanza imerudi nyumbani, ya nne sasa. Mwamuzi alimbonyeza jogoo wangu kifuani akafumba macho kama anayesali. Bwana Buatois, ambaye jogoo wake alikuwa wa pili, amesema mizani ilikuwa ya Kisoshalisti kama serikali.

Nakutumia unga wa mahindi uliokaangwa, mfuko mzima, kwa ajili ya uji. Huko Nantes watakucheka. Waambie sisi wa huku Bresse tunaitwa matumbo ya njano kwa sababu ya uji huo, na hakuna wa kwetu aliyepata kuona ni tusi. Mapishi ni yale yale: moto mdogo, maziwa mwishoni, na mkono usiopumzika.

Bibi yako,
Philomène

*

Nantes
26 Mei 1991

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mko salama, nawe unalala mchana kama daktari alivyosema, jambo ambalo nalitilia shaka.

Leo nilikuwa kwenye mbio za mchujo wa taifa, nami nimetolewa. Nikikwambia nilivyotolewa utanikana.

Katika mashua ya wawili Ségolène ndiye aliyeongoza njia. Sasa niko peke yangu, na nikigeuka kutazama mbele napoteza mwendo. Kwa hiyo sisi huchagua kitu nyuma, mti au mnara, tukakiweka sawasawa juu ya ncha ya mashua, na maadamu hakisogei tunajua tumenyooka. Leo ng'ambo ya pili palikuwa na miti inayofanana yote. Nikaona kitu kimoja cheupe, kikubwa, kimetulia kabisa. Nikakichukua.

Bibi, alikuwa ng'ombe.

Nilikuwa wa tatu, naenda vizuri, nikafuata alama yangu kwa uaminifu mkubwa, mpaka kasia la kushoto likagonga maboya, kisha mashua ya jirani, kisha nikawa majini. Mwamuzi alinifikia kwa boti yake na kuuliza, "Mama, ulikuwa unakwenda wapi?" Nikamwonyesha. Ng'ombe alikuwa ameshafika kwenye kivuli, anacheua.

Na kabla ya hapo, kwenye gati, yule Mholanzi mrefu, Marijke Terpstra, aliyekuja kushiriki kama mgeni, aliniinamia akaniuliza kwa upole kabisa, "Mtoto, umepotea? Mbio za watoto zilikuwa asubuhi."

Mjukuu wako aliyelowa,
Perrine

*

Varenne-les-Saules
1 Juni 1991

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nalala mchana, mara moja moja.

Ng'ombe hana kosa. Alikuwa anakula. Anayestahili kulaumiwa ni yule aliyezaliwa Varenne, akakua kati ya ng'ombe weupe, halafu akaamini kwamba ng'ombe amepandwa ardhini.

Barua nimeisoma mkahawani kwa sauti, kwa kuwa uliniudhi. Bwana Buatois alicheka mpaka akashika meza. Nilipofika kwa yule Mholanzi, kicheko kilikwisha. Kisha Buatois akasema, "Huyo mrefu atarudi tena Ufaransa?" Nikamwambia nadhani atarudi. Akasema, "Vizuri," akaenda kufuta glasi ambazo zilikuwa safi.

Umekuwa wa tatu kabla ya ng'ombe, na hilo hukulitilia maanani hata kidogo. Sungura wa tatu kati ya ng'ombe. Rudi majini.

Bibi yako,
Philomène

*

Nantes
11 Julai 1993

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ninaandika kidogo siku hizi, na kwamba kadi za posta si barua. Natumaini mwili wako ni mzima na nyumba imetulia.

Mwaka jana nilikuwa wa nne nchini, na nilikwambia. Leo nimekuwa wa kwanza. Bingwa wa Ufaransa, mashua ya mtu mmoja, wanawake wote bila kujali uzito. Kwenye gati alinisubiri Kocha Malfroy, kofia mkononi. Amezeeka.

"Sungura," akasema.

"Kocha."

"Unakula nini?"

"Kila kitu."

Akacheka, kisha akaniambia timu ya taifa inakwenda kwenye mashindano ya dunia baada ya wiki saba, na mashua ya mtu mmoja ni yangu. Hakuna atakayenipima. Kisha akasema, kama mtu anayeng'oa jino, "Nilikosea." Nikamwambia aje mwenyewe kusimamia mafunzo yangu, maana hakuna anayeijua mashua kama yeye. Amekubali.

Ségolène atakuwepo pia, na mwenzake mpya, katika wepesi. Ndugu yangu huyo bado anafunga. Namwombea.

Terpstra ni bingwa wa dunia mara mbili sasa. Tutaonana.

Mjukuu wako,
Perrine

*

Uwanja wa mashindano
5 Septemba 1993

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. U mzima? Sema u mzima, kisha uketi.

Najua mmeona kwenye televisheni, lakini televisheni haikukaa mahali nilipokuwa nimekaa mimi.

Nilitoka vibaya. Kwa robo ya kwanza sikuona mtu. Nilisikia tu maji yao, kulia, kushoto, yote nyuma ya mgongo wangu. Miaka mitatu nimesikia sauti hiyo, nikaizoea kama mtu anavyozoea kinu cha jirani. Kisha kwenye pembe ya jicho ikaingia ncha ya mashua ya Mrumania. Nikampita. Akaingia Mwingereza, kisha Mwitaliano. Katikati ya njia nilikuwa wa tatu, nikajiuliza swali moja tu: mikono ipo? Ipo. Miguu ipo? Ipo. Nilikuwa na nguvu hata sikujua za nani! Nikaziachia.

Yule wa Denmark akaja machoni, akabaki. Ikabaki sauti moja tu, nzito, iliyonyooka, nayo ilikuwa ya Terpstra. Tulikwenda sambamba mpaka nikawaona watu wa majukwaani. Alinitupia jicho. Mimi nilimtupia jicho. Nikaongeza, akajibu. Nikaongeza tena, akajibu nusu. Nikaongeza mara ya tatu, na polepole, Bibi, kama mlango unaofunguliwa na upepo, bega lake likaja, kisha mgongo wake, kisha mashua yake nzima ikawa mbele ya macho yangu.

Niliwaona wote watano. Wakubwa, wazuri, wenye hasira, wote wananifuata. Sikufumba macho hata mara moja mpaka honi ilipolia.

Mimi ni bingwa wa dunia.

Kwenye gati Terpstra alinitoa mashuani kwa mikono yake, akaninyanyua juu kama mfuko wa unga ili watu wanione. "Sasa niambie," akasema, "mtoto huyu hula nini?" Nikamwambia uji wa mahindi. Anadhani namficha. Ségolène, aliyepata shaba jana, alikuwa anatafuna mkate wa pili na kupiga kelele zisizoeleweka.

Nitafika Mâcon Jumamosi kwa treni ya mchana.

Mjukuu wako,
Perrine

*

Varenne-les-Saules
8 Septemba 1993

Mjukuu wangu,

Marahaba, bingwa. Mimi ni mzima, ila sauti imenitoka. Padri anasema haifai kwa mwanamke wa umri wangu kusimama juu ya kiti cha mkahawani. Nimemwambia yeye ndiye aliyenishikia kiti.

Sitakusimulia mbio zako, unazijua. Nitakusimulia sisi. Mkahawa ulijaa mpaka mlangoni. Baba yako alisimama na skafu shingoni, mwezi wa Septemba, hakuwa na habari kwamba ameivaa. Ulipokuwa wa tano, Buatois alisema, "Anawasikiliza." Ulipokuwa wa tatu, nilipanda juu ya kiti. Yule mrefu alipoanza kurudi nyuma, mchinjaji alivunja glasi kwa kuikamata tu. Baada ya honi, watu wazima walikumbatiana na watu ambao hawakuwa wamesalimiana nao tangu ule mgogoro wa mpaka wa shamba. Baba yako alikwenda nje. Nilimkuta kando ya lori, analia kwa adabu.

Kisha Meya akapanda kwenye kaunta. Akatangaza kwamba Varenne itakupa zawadi kama mababu walivyowapa washindi wao: uzito wako wote kwa jibini, ile ya umbo la gurudumu kubwa kutoka milimani. Watu wakashangilia. Wakamchagua Buatois aigharamie, kwa kura ya mikono, yeye mwenyewe akiwa chini anaokota vioo. Alipoinuka na kuelezwa, alifuta uso na kusema, "Laiti angebaki mwembamba."

Mizani ya sokoni tayari imewekwa mbele ya kanisa, imefungwa utepe, nami nimeweka jirani wa kuilinda dhidi ya Buatois. Utapanda mbele ya kijiji kizima, ukiwa umevaa viatu.

Kwenye treni kuna mtu anayeuza mikate yenye nyama. Nunua. Ukifika Mâcon, usitembee, usikimbie, wala usibebe mizigo, baba yako atabeba. Nyumbani chakula kitakuwa mezani kabla ya sherehe, si baada yake. Nimechinja wawili.

Njoo mzima, mjukuu wangu, na usipungue hata kidogo njiani.

Bibi yako,
Philomène